Injini ya Turbo Ndani ya Land Rover Kuukuu: Kutoka Solihull Hadi Jego

Leo tuache kidogo mambo ya seva na programu. Au niseme hatuyaachi, maana mwishoni tutajikuta huko huko.

Ndugu msomaji, Jego iko kusini kabisa mwa Kwale, upande wa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania. Mto Umba, unaotoka milima ya Usambara, unaingia baharini pande hizo. Masika ikikolea na udongo ukalainika, gari dogo halifui dafu. Ndiyo maana mahali kama hapa Land Rover ya zamani si gari la maonyesho, ni chombo cha kazi: hubeba mpunga, samaki, mgonjwa.

Historia yake ni hii. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha na chuma kilikuwa adimu Uingereza, basi kiwanda cha Solihull kikatumia bati la alumini kwa bodi. Sisi watu wa pwani tulinufaika na shida ile, kwa sababu chumvi ya bahari hula chuma haraka kuliko alumini. (Chesisi lakini ni chuma, ikague kabla ya kununua!) Baadaye Land Rover ziliungwa hapa Kenya pia, katika kiwanda cha Leyland kule Thika.

Udhaifu ulikuwa injini. Dizeli ya lita 2.25 iliyofungwa kwenye Series III, gari lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ilitoa kama nguvu-farasi 62 tu. Haina haraka, na ikipakiwa mzigo kwenye mlima dereva husali.

Dawa ilikuwepo tangu zamani. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya turbo mwaka 1905. Wazo lake ni rahisi: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, feni ile inasukuma hewa zaidi ndani ya silinda, na hewa ikizidi unaweza kuchoma dizeli zaidi. Land Rover walipoleta injini ya 200Tdi mwaka 1989, lita 2.5 ilitoa nguvu-farasi 111, na nguvu ya kuzungusha ikapanda kutoka Nm 140 hivi za dizeli ya zamani hadi 265.

Sasa sikiliza utamu wake. 200Tdi ilitoka ukoo ule ule wa injini za lita 2.25, kwa hiyo inakaa kwenye gia boksi ya Series kwa marekebisho machache. Kwa lugha yetu ya kompyuta, injini ilibadilika ndani lakini kiolesura kikabaki karibu kile kile. Fundi akipata injini iliyotumika anaifunga. Ila kuna mitego. Ikiwa imetoka kwenye Discovery, turbo yake imekaa chini na hugonga chesisi. Gia boksi na ekseli za zamani hazikuzoea nguvu hiyo, ukikanyaga kwa fujo zinakatika. Breki nazo lazima zilingane na mwendo mpya. Na namba ya injini ibadilishwe kwenye kitabu cha gari. Kazi hiyo iko chini ya NTSA.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni waya. Pampu ya 200Tdi huendeshwa na mitambo tu. Inahitaji waya mmoja wenye umeme kufungua njia ya dizeli. Ukiukata, injini inazima. Hakuna nywila.

Halafu kompyuta ikaingia. Mwaka 1993 Toyota walitoa 1KZ-TE, ambayo pampu yake inasimamiwa na kompyuta. Mwaka 1995 Denso wakaleta mfumo wa reli moja ya dizeli yenye shinikizo kubwa kwenye malori ya Hino. Mwaka 1998 Land Rover wenyewe wakaja na Td5. Injini hizi zina faida, hatukatai: moshi hupungua na dizeli huchomwa kwa kipimo. Lakini nyingi zilizofuata hukataa kuwaka mpaka kompyuta iutambue ufunguo wake. Ukinunua injini peke yake bila kompyuta, nyaya na ufunguo, umenunua chuma.

Hapo ndipo historia hii inapotuhusu sisi waandishi wa programu. Kwa miaka mingi fundi wa kijijini alihitaji spana na akili. Sasa anahitaji pia ruhusa ya mtu aliyeandika msimbo, naye yuko mbali na hamjui. Marekani mwaka 2015 iliruhusu mwenye gari kuvuka kufuli la programu kwa ajili ya kutengeneza gari lake, bila kuhesabiwa amevunja sheria ya hakimiliki. Swali hilo nasi tulijadili, kwa sababu magari yaliyotumika ndiyo mengi barabarani kwetu.

Kwa hiyo, ukienda kutafuta injini, uliza kwanza: pampu ni ya mitambo au ya kompyuta? Na wewe mwanafunzi wa kompyuta unayetafuta mradi, jifunze jinsi kompyuta za magari zinavyozungumza, kisha kaa na fundi. Yeye anajua injini, wewe unajua msimbo. Land Rover ya Jego itawahitaji nyote wawili.