Donge Nono la Disemba: Kihispania na Bahati Nasibu ya Cádiz

Mwenye kujifunza Kihispania peke yake, kwa kamusi na subira kama nilivyojifunza mimi, hafiki mbali kabla ya kukutana na usemi huu: me ha tocado la lotería. Tukiufasiri neno kwa neno, maana yake ni "bahati nasibu imenigusa". Mtenda hapa si mtu. Aliyepata hasemi kwamba ameshinda, bali husema kwamba ameguswa. Na mji mzima ukipata, husemwa kuwa bahati imeuangukia. Sarufi hii haikuzuka hivihivi. Nyuma yake ipo historia ya zaidi ya miaka mia mbili, na asiyeijua atakariri maneno bila ya kuyaelewa.

Mfalme Carlos wa Tatu, ambaye kabla ya hapo alitawala Napoli, ndiye aliyeingiza Uhispania bahati nasibu ya serikali mwaka 1763, kwa mtindo aliouzoea huko Italia: namba 90, na tano hutolewa. Ilidumu hadi 1862, lakini si hiyo inayotuhusu zaidi. Jambo moja tu la zama hizo tulishike, kwamba tangu 1771 waliotoa namba walikuwa watoto wa San Ildefonso, chuo cha Madrid kilichowalea mayatima.

Bahati nasibu ya pili ilizaliwa katika dhiki. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameimeza karibu nchi yote, na serikali iliyokataa kumtii ikabanwa Cádiz, mji uliojitokeza baharini, wenye maji karibu pande zote. Sisi watu wa visiwani tunaweza kuuona mji huo kwa macho ya moyo bila ya ramani. Kuanzia Februari 1810 hadi Agosti 1812 Wafaransa waliuzingira kwa upande wa bara, nao ukaishi kwa kile kilichopita baharini. Wanajeshi walihitaji kulishwa, hazina ilikuwa tupu, na mtoza kodi hawezi kuifikia mikoa iliyo mikononi mwa adui. Hapo Ciriaco González Carvajal, ofisa aliyewahi kuhudumu Mexico na kuiona bahati nasibu ya huko, akatoa pendekezo lake, na Novemba 1811 likapitishwa. Tiketi zingekuwa na namba zilizokwisha kuchapishwa, na mtu angenunua namba nzima au sehemu yake. Namba za kwanza zilitolewa tarehe 4 Machi 1812, siku kumi na tano tu kabla ya katiba mashuhuri ya mji huo kutangazwa. Tarehe 18 Disemba ya mwaka huohuo ikafanyika ile ya kwanza ya majira ya Krismasi, na namba iliyotoka ni 03604. Wafaransa walipoondoka, mchezo uliwafuata nyuma hadi Madrid, ambako watoto wa San Ildefonso walikuwa wakiungoja. Jina rasmi la "Bahati Nasibu ya Krismasi" lilikuja baadaye, mwaka 1892.

Tazama basi namna ilivyo leo. Kila tarehe 22 Disemba huwekwa matufe mawili ya waya. Kihispania huyaita bombo, neno lilelile la ngoma kubwa. Katika tufe kubwa mna vipira vya mbao 100,000, kimoja kwa kila namba. Katika dogo mna vipira 1,807 vya zawadi. Mtoto mmoja huimba namba, mwenziwe huimba zawadi, na huendelea hivyo kwa saa kadhaa. Namba moja huchapishwa katika mikupuo zaidi ya 150, na kila tiketi hukatwa vipande kumi viitwavyo décimo, kila kipande kwa euro 20. Kwa sababu hiyo namba moja yaweza kugawanywa na ofisi nzima, mkahawa mzima, hata kijiji kizima. Vyama na maduka hukikata tena kipande kwa vikaratasi vidogo viitwavyo participación, yaani ushirika. Mwaka 2011 zawadi kubwa ilikiangukia kijiji cha Sodeto, huko Aragón, ambako chama cha akina mama wa nyumbani kilikuwa kimeuza vikaratasi hivyo karibu kila mlango. Ndiyo maana nasema kitenzi "kugusa" kimekaa mahali pake: anayeguswa aghalabu si mmoja.

Kwa mwanafunzi wa lugha, uimbaji wa watoto hawa ni darasa la hesabu lisilo na mfano. Kihispania, kama Kiswahili, hulinganisha baadhi ya namba na jinsi ya kitu kinachohesabiwa. Sisi tunasema watu wawili, vitabu viwili. Sita, saba na tisa, walizotupa Waarabu, hazibadiliki. Wao mamia ndiyo hubadilika: quinientas pesetas, lakini quinientos euros. Peseta ilikuwa ya kike na euro ni ya kiume, hivyo sarafu ilipobadilishwa mwaka 2002 ulimi wa taifa zima nao ukabadilisha mamia yake.

Na Waarabu nao waliwaachia mengi. Hasta, yenye maana ya "mpaka" na pia "hata", ni ndugu wa hata yetu, ambayo wazee wetu waliitumia kwa maana zote mbili. Fulano ni fulani. Azar, yaani bahati isiyotabirika, hutokana na jina la Kiarabu la dadu. Ojalá, wanalotamka vipira vikizunguka, ni kumbukumbu ya kutaja mapenzi ya Mungu, na baada yake kitenzi hubadilika umbo kama chetu kinavyochukua -e: ojalá toque aquí, inshallah iguse hapa.

Hapa yamkini msomaji atauliza, je, hii si kamari? Ni kamari, wala sioni haja ya kuipamba. Namba moja ina nafasi moja katika laki kuipata zawadi kubwa, na katika kila euro mia zinazokusanywa, sabini tu ndizo hurejea kwa wachezaji. Iliyobuniwa kwa ajili ya vita ikawa kodi ambayo mlipaji huilipa kwa furaha, na dola yoyote ikishaonja kodi ya namna hiyo haiiachi. Mwaka 1938, taifa likiwa limegawanyika vitani, pande zote mbili zilichezesha, Jamhuri kule Barcelona na wafuasi wa Franco kule Burgos. Watu waliouana hawakukubaliana lolote isipokuwa kwamba Disemba lazima namba zitoke. Nami huwa nasita zaidi ninapowafikiria wale mayatima, walioimba mali ya wengine vizazi kwa vizazi. Wasichana walijiunga nao mwaka 1984.

Imebaki kazi ya mfasiri. Zawadi kubwa huitwa el Gordo, "mnene", na Kiswahili kimetutangulia kwa donge nono. Zawadi ndogo 1,794 ni pedrea, kupigana kwa mawe, tena ni mvua ya mawe. Nimeiandika hivyo, mvua ya mawe. Ile me ha tocado nimeijaribu kwa "nimebahatika", lakini mtu akarejea kuwa mtenda. Nimeamua kuandika "imeniangukia".