Jina Lililosingiziwa: Mji wa Puri na Gari la Jagannath

Neno "gari" tulitumialo kila siku halikuzaliwa pwani kwetu. Lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, likapata maskani katika Kiswahili, wala halikupotewa na heshima yake njiani. Lakini liko neno jingine la Bara Hindi lililosafiri mpaka Uingereza, nalo huko likavikwa vazi la aibu. Mwalimu asomaye vitabu vya Kiingereza atalikuta: "juggernaut", yaani kitu kikubwa kiendacho kwa nguvu bila huruma, kikiponda kila kilicho mbele yake. Asili yake ni jina la mungu aabudiwaye na Wahindu katika mji wa Puri. Twataka kueleza habari za mji huo na jirani zake, na jinsi jina hilo lilivyopotoka. Maana sisi tunaofundisha lugha na kuandika desturi za watu tuna fungu letu katika jambo hili.

Puri ni mji wa pwani katika jimbo la Odisha, lililoandikwa zamani Orissa, kando ya Ghuba ya Bengali. Ni mmoja wa miji minne ambayo Mhindu mcha dini hutamani kuizuru kabla ya kufa kwake. Mingine ni Badrinath upande wa kaskazini, Dwarka magharibi, na Rameswaram kusini. Reli ilifika Puri mwaka 1897. Kabla ya hapo mahujaji wengi walikwenda kwa miguu, safari ya majuma na pengine miezi.

Hekalu kuu lilianza kujengwa katika karne ya 12, zamani za mfalme Anantavarman Chodaganga, na mnara wake wapata mita 65 kwenda juu. Asiye Mhindu haruhusiwi kuingia. Ndani zimo sanamu za mti, zenye macho makubwa ya mviringo: Jagannath, na ndugu yake Balabhadra, na dada yao Subhadra. Mti huchakaa, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa huchongwa sanamu mpya. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2015. Jina Jagannath limeungwa kwa maneno mawili ya Kisanskriti: "jagat", ndio ulimwengu, na "natha", ndiye bwana au mlinzi. Basi maana yake ni Bwana wa Ulimwengu.

Kila mwaka, katika mwezi wa Juni au Julai, sanamu hizo hutolewa nje na kupandishwa juu ya magari matatu ya mbao, yaliyoundwa upya kwa sikukuu hiyo. Gari la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, na la Subhadra 12. Mrithi wa wafalme wa Puri hufagia sakafu za magari kwa ufagio wa dhahabu, ili ionekane kwamba mbele ya mungu huyu mfalme naye ni mtumishi. Kisha watu maelfu hushika kamba na kuyavuta kwa mikono kadiri ya kilometa 3, mpaka hekalu la Gundicha. Siku ya tisa hurejea. Njiani gari la Jagannath husimama karibu na kaburi la Salabega, mshairi wa karne ya 17 aliyezaliwa na baba Mwislamu. Yeye hakuweza kuingia hekaluni. Barabarani mungu humwendea.

Wala tusipake chokaa. Katika hekalu hilo watu wa tabaka mbalimbali hula pamoja chakula kilichokwisha tolewa sadaka, jambo la ajabu katika nchi ya matabaka; lakini waliodharauliwa kupita wote walifungiwa mlango kwa muda mrefu. Gandhi alipofika Puri mwaka 1934 hakukubali kuingia, maana wao hawakuruhusiwa.

Sasa, ile sifa mbaya ilitoka wapi? Tangu karne ya 14 wasafiri wa Ulaya walisimulia habari za watu wa Bara Hindi wajitupao chini ya magurudumu ya magari ya miungu. Mwezi wa Juni 1806 kasisi Mskoti, Claudius Buchanan, alifika Puri akaandika kwamba amemwona mtu akijilaza njiani na kupondwa. Alikuwa na shauri lake pia: serikali ya Kampuni ya Kiingereza ilitoza mahujaji kodi, naye alilipinga jambo hilo, kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1840. Kitabu chake cha mwaka 1811 kilisomwa sana Uingereza na Marekani. Wasomaji wakaifanya habari hiyo kuwa desturi ya taifa zima.

Lakini Andrew Stirling, mtumishi wa serikali aliyekaa nchini, aliandika mwaka 1825 kwamba katika miaka minne aliyoitazama sikukuu hiyo yalitokea mambo matatu tu ya namna hiyo. Moja lilikuwa la shaka, huenda ni ajali. Katika mengine mawili waliokufa walikuwa wameteswa na maradhi makali siku nyingi. W. W. Hunter naye, mwaka 1872, alionyesha kwamba kujiua ni kinyume cha roho ya ibada hiyo. Kilichowaua mahujaji kwa wingi kilikuwa kipindupindu na taabu ya njia. Hata leo hatari ni msongamano: mwaka 2025 watu 3 walikufa karibu na hekalu la Gundicha.

Mgeni akitoka Puri kwenda kaskazini-mashariki kilometa 35 hivi, atafika Konark, penye hekalu la jua lililojengwa na mfalme Narasimhadeva wa Kwanza katika karne ya 13. Lilichongwa mfano wa gari la mawe lenye magurudumu 24 na farasi 7. Mnara wake mkuu umeanguka, lakini magurudumu yangalipo. Kusini-magharibi liko ziwa la Chilika, maji ya chumvi na baridi yakichanganyika, ambako ndege wa kaskazini hukimbilia wakati wa kipupwe. Na katika njia ya Bhubaneswar kuna mwamba wa Dhauli, wenye maandishi ya mfalme Ashoka, aliyeishinda nchi hii katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mahali pengine aliandika majuto yake na hesabu ya waliouawa. Hapa, mbele ya watoto wa waliouawa, maneno hayo hayakuchongwa. Asomaye Dhauli peke yake hajui habari nzima.

Ndivyo ilivyo kwa mwandishi wa desturi. Buchanan aliona siku chache. Stirling alitazama miaka minne, akahesabu. Maneno ya yule wa kwanza yaliingia katika kamusi, ya huyu wa pili yakabaki rafuni. Nasi tujuao jinsi mila za wazee wetu zilivyoandikwa na wapita njia, tusiwatendee wengine vivyo hivyo. Mwanafunzi akiuliza maana ya neno lile la Kiingereza, tumpe maana yake. Kisha tumwambie pia maana ya jina lenyewe, Bwana wa Ulimwengu, na ya kwamba watu hulivuta gari lake kwa kamba, wote pamoja.