Mwanagenzi katika Nyumba ya Watafiti

Mwenye lisansi mpya huulizwa kwanza ameajiriwa wapi, wala haulizwi anajua nini. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kazi ya mwanzo katika taasisi moja ya utafiti wa siasa za nje, na uzito iliokuwa nao.

Taasisi ya Carnegie ya Amani ya Kimataifa iliundwa huko Marekani mwaka 1910, Andrew Carnegie alipotoa dola milioni 10 ili vita vikomeshwe. Rais wake wa kwanza, Elihu Root, alikuwa amekwisha kuwa waziri wa mambo ya nje. Ilikuwa, basi, nyumba ya wazee. Baadaye vijana walitengewa mlango mwembamba: programu ya mwaka mmoja, yenye mshahara, kwa waliohitimu karibuni, nao sharti wapendekezwe na chuo kikuu chao.

Kazi ya kijana hapo ni kutafuta nyaraka, kuhakiki tarehe na kumsaidia mtafiti mkuu. Asiidharau msomaji. Samantha Power alihitimu Yale mwaka 1992, akawa mwanagenzi katika taasisi hiyo wakati Bosnia ikiungua. Alikusanya matukio ya kuvunjika kwa Yugoslavia, toka Januari 1989 hadi Mei 1993, na taasisi ikayachapisha. Kisha akaenda Balkan kuwa mwandishi wa habari. Kitabu chake juu ya Marekani na mauaji ya kimbari kilitoka mwaka 2002, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2003. Mwaka 2013 akawa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza, orodha ya tarehe iliyopangwa kwa uaminifu ni msingi wa hoja kubwa. La pili ni chungu zaidi: mlango hufunguka kwa yule ambaye chuo chake kinajulikana, hata kama nchi inayojadiliwa ni ya mwingine. Hata hivyo, mhitimu wa Lubumbashi au Bukavu asomaye barua, hotuba na magazeti ya Kiswahili ana ujuzi ambao mgeni huutafuta kwa mkalimani. Basi asingoje kuitwa. Matukio ya vita vya Kivu yanaweza kukusanywa, siku kwa siku, katika maktaba zetu wenyewe. Na atakayeyapanga vizuri, hata wageni watalazimika kumsoma.