Swali la Kwanza ni la Kicheko

Kati ya mwaka 1938 na 1950, Hospitali ya Mathari hapa Nairobi iliongozwa na daktari wa serikali ya kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers. Alipokabidhiwa wagonjwa wa Mathari, hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alijifunzia kazini, kwa watu wetu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alisema kwamba ugonjwa wa huzuni nzito, huu tunaouita depresheni, ni nadra sana kwa Waafrika. Eti hatuna mazoea ya kujibebesha lawama, kwa hivyo hatuzami.

Ni rahisi kucheka maneno kama hayo leo. Lakini hebu fikiria maana yake kwa mwanamke mmoja tu: amejifungua kwa shida, labda amepoteza damu nyingi, labda mtoto hakulia, na sasa amelala akiangalia ukuta na hataki kula. Kama kitabu kinasema ugonjwa wake haupo, basi yeye si mgonjwa. Ni mvivu, ama amerogwa, ama hana shukrani. Nimeyasikia yote matatu mtaani, na waliyoyasema hawajawahi kumsikia Carothers.

Stori ya jinsi wazo hilo lilivyoanza kuvunjika inapita hapa jirani, Uganda. Miaka ya mwanzo ya 1970, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Cox, alikuwa akifanya kazi Makerere. Alikwenda Kasangati, kituo cha afya nje kidogo ya Kampala, akawahoji wanawake waja wazito na wale waliokwisha kujifungua. Utafiti aliouchapisha mwaka 1979 ulihusu wanawake 263. Aliikuta ile huzuni iliyosemekana haipo. Baadaye alipolinganisha na akina mama wa Scotland, viwango vilikaribiana. Tofauti moja ni kwamba wale wa Uganda hawakuzungumza sana juu ya kujilaumu.

Tena Waganda walikuwa na jina tayari. Wanawake walimweleza Cox kuhusu amakiro, ugonjwa unaompata mzazi baada ya kujifungua, akachanganyikiwa hadi watu wahofie atamdhuru mtoto wake. Kwa hiyo ujuzi ulikuwepo, miaka mingi kabla ya daktari yeyote kufika na kalamu. Ila ujuzi huo ulikuja na mwiba: watu wengi waliamini amakiro huja kwa sababu mama alitembea nje ya ndoa akiwa mjamzito. Yaani unaugua, halafu ugonjwa wenyewe unakuwa ushahidi dhidi yako.

Cox alirudi Uingereza. Mwaka 1987, akiwa na Jeni Holden na Ruth Sagovsky, alichapisha karatasi ya maswali kumi inayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Inauliza kuhusu siku saba zilizopita tu. Haihitaji mashine wala damu, na mkunga yeyote anaweza kuitumia. Imetafsiriwa kwa lugha nyingi duniani, Kiswahili kikiwemo. Mimi nilipoisoma mara ya kwanza nilitarajia swali la kwanza liwe la machozi. Sivyo. Swali la kwanza linauliza kama mama ameweza kucheka na kuona mambo ya kuchekesha. Machozi yanakuja swali la tisa. La kumi linauliza kama amewahi kufikiria kujidhuru.

Hapo ndipo niliposimama. Kama dalili ya kwanza inayotafutwa ni kicheko kilichopotea, nani kazi yake ni kukirudisha? Daktari ana vidonge, na vidonge vinasaidia watu. Lakini iko jamii moja Afrika Magharibi iliyoifanya kazi ya kurudisha kicheko kuwa kazi ya kikundi kizima cha wanawake.

Gambia ni nchi nyembamba inayofuata mto, imezungukwa na Senegal pande zote isipokuwa baharini. Miongoni mwa Wamandinka wa huko, na majirani zao Wajola, kuna vikundi vya wanawake viitwavyo kanyeleng. Huingii kwa kuwa na sauti nzuri. Unaingia kwa sababu umezika watoto, ama umekaa miaka bila kushika mimba. Wenzako wanakupokea kwa tambiko, unaweza kupewa jina jipya, na kuanzia hapo unaruhusiwa mambo ambayo mwanamke mwingine akiyafanya ataaibishwa. Unavaa nguo za kiume, shanga za maharagwe, kibuyu kichwani. Unaomba chakula bila haya. Unaimba na kucheza katikati ya watu, na nyimbo nyingine ni za matusi ya kitandani, waume wakisemwa wakiwa wamekaa palepale. Watu wanaangua kicheko. Imani ni kwamba kicheko hicho kitamfikia Mungu, amwonee huruma huyu mama, na mtoto atakayekuja abaki.

Mtoto naye anaweza kupewa jina baya ili kifo kisimtamani. Hili si geni kwetu. Kama una rafiki Mluo anayeitwa Awiti au Owiti, muulize maana ya jina lake. Ni mtoto aliyetupwa, aliyezaliwa baada ya wengine kuondoka, akapewa jina la kukihadaa kifo. Tofauti ni kwamba kwetu mara nyingi jina alibeba mtoto peke yake. Kule mama naye alipewa jina, na mavazi, na wenzake.

Sitaki kuipamba kanyeleng kuliko ilivyo. Imezaliwa katika jamii ambapo mwanamke asiye na mtoto anahesabika pungufu, na tambiko lenyewe linaweza kumdhalilisha kabla ya kumwinua. Kuna mama ambaye angependa kulia chumbani kwake, si kuvaa kibuyu mbele ya wakwe. Lakini angalia ilichofanya: ilimchukua mtu ambaye msiba wake ungemtenga, ikampa cheo kwa sababu ya msiba uleule. Ukishajicheka mwenyewe hadharani, nani atakucheka tena?

Serikali ya Gambia iliona nguvu hiyo mapema. Kwa miongo kadhaa, wahudumu wa afya wamewaita kanyeleng wabebe ujumbe wa chanjo, unyonyeshaji na uzazi wa mpango kwa nyimbo na maigizo. Bonnie McConnell, mtafiti wa muziki aliyeandika kitabu juu yao mwaka 2020, anaonyesha jinsi wanawake hawa wanavyoweza kuimba yale ambayo hayasemeki. Ukiwaza, ni mantiki tu. Nani atazungumzia mambo ya kitandani kijijini bila kuonekana mhuni? Yule aliyekwisha kuruhusiwa.

Kisha wakaja watafiti na swali la ndani zaidi: je, wanawake hawa wanaweza kumsaidia mama mwenyewe, si kumpa ujumbe tu? Katika mradi uliochapishwa mwaka 2020, wajawazito 124 wa Gambia walishiriki. Baadhi walikutana mara moja kwa wiki, wiki sita, wakiimba wakiongozwa na kanyeleng. Wengine waliendelea na kliniki ya kawaida. Lilikuwa jaribio dogo, la kuona kama jambo lenyewe linawezekana, na lilihusu wanawake kabla ya kujifungua. Lakini waliokuwa kwenye nyimbo walionyesha dalili chache zaidi za mfadhaiko. Na moja ya vipimo vilivyotumika ilikuwa karatasi ya Edinburgh, ile iliyotanguliwa na Kasangati. Duara refu kweli: daktari anatoka Uingereza, anajifunza kwa wanawake wa Uganda, anaandika karatasi Scotland, na karatasi hiyo inakuja kuwapima wanawake wa Gambia walioimbishwa na wanawake wenzao.

London nako walikuwa wakijaribu. Mwaka 2018 Daisy Fancourt na Rosie Perkins walichapisha matokeo ya akina mama 134 waliokuwa na dalili za huzuni baada ya kujifungua. Waligawanywa mafungu matatu: kuimba pamoja kwa wiki 10 wakiwa na watoto wao, kucheza na kutengeneza vitu pamoja kwa muda huohuo, au kuendelea na huduma ya kawaida. Kufikia wiki ya 10, mafungu yote yalikuwa na nafuu. Ila kwa wale waliokuwa na dalili nzito zaidi, waimbaji walipata nafuu mapema kuliko wenzao. Mtu anaweza kusema, basi tofauti iko wapi kama wote walifika? Muulize mwanamke mwenye mtoto wa wiki tano, asiyelala, anayemwangalia mtoto wake kama mgeni, kama wiki nne ni kitu kidogo.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo mada hii inaniuma.

Dada yangu mkubwa alijifungua kwa upasuaji wa dharura, usiku, baada ya saa nyingi za uchungu. Mtoto aliwekwa kwenye mashine ya joto siku tisa. Dada alikuwa akitembea kwenda kumwona akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja na nyuzi zake kwa mwingine. Walipotoka wote wazima, kila mtu alimwambia neno moja: shukuru Mungu. Na alishukuru. Lakini aliniambia baadaye kwamba neno hilo lilikuwa kama mlango unaofungwa. Ukishaambiwa ushukuru, huwezi tena kusema kwamba kila ukisikia mlio wa mashine kwenye benki au supamaketi, mikono inatetemeka. Alipompeleka mtoto kliniki wiki ya sita, mtoto alipimwa uzito, akachanjwa, ikaandikwa kwenye kitabu. Yeye aliulizwa kama maziwa yanatoka.

Kabla ya hapo tulikuwa tumemfanyia beibi shawa, na baluni, na keki, na michezo. Tulicheka sana siku hiyo. Ndiyo desturi yetu mpya mjini: kicheko tunakileta kabla, wakati mama hana shida nacho sana. Baada ya kujifungua tunaleta nepi, uji na unga, tunamshika mtoto, tunapiga picha, tunaondoka kabla foleni ya magari haijaanza.

Si kwamba hatujawahi kuwa na vikundi. Mombasa, nusu ya kwanza ya karne iliyopita, wanawake walikuwa na vyama vya lelemama. Mwanahistoria Margaret Strobel aliviandika kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1979. Vilikuwa vyama vya ngoma, vyenye vyeo na mashindano makali na nyimbo za kupigana vijembe, lakini pia wanachama walisaidiana kwa harusi na matanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ngoma hiyo ilififia, na nguvu za wanawake zikahamia kwenye vyama vya aina nyingine. Pwani bado kuna arobaini, siku ambazo mzazi anakandwa, analishwa, hafanyi kazi. Kwingineko nchini akina mama wa kanisa wanakuja na vikapu wakiimba tangu getini. Kwa hivyo sauti zipo. Michango ipo pia. Sisi ni watu wa chama, hata mtu wa mahindi choma yuko na chama.

Kinachokosekana, nadhani, ni kile ambacho Gambia walikijua: anayeongoza wimbo awe ni yule aliyepitia. Daktari mwema hatoshi, na kwaya yenye sauti tamu haitoshi. Anatakiwa mwanamke anayeweza kusema, mimi pia nilishikilia ukuta, halafu akatoa mzaha juu yake ambao mtu mwingine hana haki ya kuutoa. Na jambo la pili, asiondoke. Mradi una wiki sita ama kumi, kisha ripoti inaandikwa. Kanyeleng wanaendelea kuonana sokoni na kwenye sherehe za majirani. Ndiyo maana naogopa tukiletewa wimbo peke yake, na mwalimu wa kukodiwa, tukaambiwa hii ndiyo tiba. Tutakuwa tumechukua ngoma tukawaacha wachezaji.

Kitu kimoja kinanipa moyo, na ni cha kawaida kabisa. Chanjo za mtoto Kenya zinafuata ratiba: wiki ya 6, ya 10, ya 14. Maana yake wanawake waliojifungua wakati mmoja, mtaa mmoja, wanakutana kwenye benchi lilelile mara tatu ndani ya miezi miwili, na wanakaa hapo masaa. Hakuna haja ya kuwatafuta. Miongoni mwao yuko aliyeshonwa, yuko aliyeongezewa damu, yuko ambaye pacha mmoja hakurudi nyumbani. Wanaangaliana viatu wakisubiri kuitwa majina ya watoto.

Nilimuuliza dada kama angekubali mtu aanzishe wimbo pale kwenye benchi. Alisema wimbo, labda. Kwanza angetaka mtu amuulize ilikuwaje usiku ule, na akimaliza kueleza, asimwambie ashukuru. Halafu akakumbuka jinsi alivyomtukana daktari wa usingizi kwa lugha ya nyumbani, akidhani haielewi, na daktari akamjibu kwa lugha ileile. Alicheka mpaka akashika mahali pa nyuzi. Mtoto sasa ana miaka mitatu, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia stori hiyo.