Miaka Sabini ya Kubishania Filamu Bora

Mwaka 1952 jarida la Sight and Sound, linalotolewa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza mjini London, liliwaomba wahakiki 85 wa nchi mbalimbali wataje filamu kumi wanazoziona bora kuliko zote zilizowahi kutengenezwa. Waliojibu walikuwa 63. Kura zilipojumlishwa, aliyeshika usukani ni Mwitalia Vittorio De Sica kwa Ladri di biciclette, hadithi ya baba wa Roma aliyeibiwa baiskeli ambayo bila hiyo hana kazi. Filamu hiyo ilikuwa na umri wa miaka minne tu. Nyuma yake zilifungana mbili za Charlie Chaplin, City Lights na The Gold Rush.

Tangu hapo jarida hilo limerudia zoezi lile kila baada ya miaka kumi. Utaratibu wake ni mwepesi: mpiga kura anataja filamu kumi, kila moja inapata kura moja, basi. Hakuna kusema hii ya kwanza, ile ya pili. Mwaka 2022 wapiga kura walifika 1,639.

Ukizipanga orodha zote nane mezani unaweza kudhani unasoma historia ya ladha za watu. Mimi naona kitu kingine. Naona historia ya makopo ya filamu: yapi yalipotea, yapi yalifungiwa kabatini, yapi yalipatikana na nani akapata nafasi ya kuyatazama. Mtu hawezi kuipenda filamu asiyowahi kuiona, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 filamu ikishatoka kwenye kumbi ilikuwa imetoweka.

Chukua Citizen Kane. Orson Welles aliitoa mwaka 1941 akiwa na miaka 25. Tajiri wa magazeti William Randolph Hearst alijiona humo na hakufurahi. Magazeti yake yakakataa hata kuitangaza, na kampuni ya RKO ikapata hasara. Ulaya ilikuwa vitani, hivyo Wafaransa waliiona mwaka 1946. Katika kura ya 1952 haikuingia kumi bora. Kisha mwaka 1956 ikarudishwa kumbini Marekani na kuanza kuonyeshwa kwenye televisheni, na kizazi kipya kikaipata. Mwaka 1962 ikashika nafasi ya kwanza. Haikuondoka hapo kwa nusu karne.

La Règle du jeu ya Jean Renoir ilipata taabu zaidi. Ilipotoka Paris mwaka 1939 ilizomewa, ikakatwakatwa, kisha serikali ikaipiga marufuku. Negativu yake ya asili iliteketea kwa mabomu wakati wa vita. Baada ya vita wapenzi wawili wa sinema walikusanya vipande vilivyosalia, wakaviunga kwa baraka za Renoir mwenyewe, na mwaka 1959 filamu ikaonekana tena ikiwa karibu kamili. Mwaka 1952 ilikuwa imejikokota hadi nafasi ya kumi. Mwaka 1962 iliruka hadi ya tatu. Ni filamu pekee iliyokaa katika kumi bora kwenye kura zote kuanzia 1952 hadi 2012, na ilianguka mwaka 2022 tu, ikashuka hadi nafasi ya 13.

Vertigo ya Alfred Hitchcock inaharibu kidogo hoja yangu, na ni haki niseme hivyo. Hitchcock mwenyewe ndiye aliyekuja kumiliki haki zake, na kwa miaka mingi aliiweka nje ya kumbi pamoja na filamu zake nyingine nne. Alifariki mwaka 1980, na kumbi zikaipata tena mnamo 1983 na 1984. Lakini katika kura ya 1982, kabla haijaachiwa, tayari ilikuwa imeingia kumi bora. Nadhani waliokuwa wameiona walikuwa wakiisimulia, na simulizi huongeza utamu. Ila kupanda kwake hasa kulikuja baada ya mlango kufunguliwa: ya nne mwaka 1992, ya pili mwaka 2002 ikipitwa na Kane kwa kura tano tu, na mwaka 2012 ikaitoa Kane kileleni kwa kura 191 dhidi ya 157.

Halafu ikaja 2022, na wapenzi wengi wa sinema wakapigwa na butwaa. Mshindi: Jeanne Dielman, 23, quai du Commerce, 1080 Bruxelles, ya mwaka 1975, ya Mbelgiji Chantal Akerman. Ni mara ya kwanza filamu ya mwanamke kuongoza orodha hii. Miaka kumi nyuma ilikuwa katika nafasi za thelathini na kitu. Urefu wake ni dakika 201, na sehemu kubwa ya dakika hizo tunamtazama mama mjane akifanya kazi za nyumbani kwa siku tatu: anapika, anaosha vyombo, anatandika kitanda cha mwanawe, na mchana anapokea wanaume wanaomlipa. Kamera haisogei wala haimkaribii. Siku ya pili viazi vinaiva kupita kiasi. Anazunguka na sufuria mkononi, hajui aiweke wapi. Mwisho anatoka kununua vingine na kukaa kumenya upya, na sisi tunakaa naye kiazi baada ya kiazi. Ndani ya filamu hii viazi hivyo vinatisha kuliko bastola, maana tumeshaona jinsi mama huyu anavyoishi kwa ratiba, na sasa ratiba imepata ufa. Delphine Seyrig anaigiza yote hayo karibu bila kubadilisha uso.

Mwongozaji Paul Schrader, anayesema anaipenda filamu hiyo, alilalamika hadharani kwamba kuruka kwake kwa ghafla kumeiondolea kura heshima yake. Sikubaliani naye. Idadi ya wapiga kura ilikuwa karibu mara mbili ya 2012, na wengi wao hawakuwa wale wale wa zamani. Isitoshe, filamu iliyokuwa ikionyeshwa hapa na pale kwenye vilabu vya sinema sasa inapatikana kwa DVD na mtandaoni. Ukibadilisha watazamaji na ukabadilisha wanachoweza kutazama, kisha ukategemea jibu la zamani, wa kulaumiwa si kura.

Afrika inathibitisha jambo hili vizuri kuliko Ulaya. Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty ni ya mwaka 1973: kijana Mory, pikipiki yake iliyofungwa pembe za ng'ombe mbele, na mpenzi wake Anta, wakihangaika kutafuta nauli ya meli kwenda Paris. Miongo ilipita bila kuonekana kwenye safu za juu. Mwaka 2008 ilisafishwa na kutengenezwa upya kwa msaada wa mfuko ulioanzishwa na Martin Scorsese, kazi ikifanyika Bologna, Italia. Kura iliyofuata, 2012, ikaingia mia bora katika nafasi ya 93. Mwaka 2022 ikafika ya 66. La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, nayo ilipitia mikono hiyo hiyo katikati ya miaka ya 2010, na mwaka 2022 ikatokea katika nafasi ya 95. Inamhusu Diouana, binti wa Dakar anayepelekwa Antibes, Ufaransa, akiamini anakwenda kulea watoto, kumbe anakwenda kufungiwa jikoni. Hakuna aliyezipiga msasa hadithi hizo ziwe bora zaidi. Zilisafishwa picha na sauti tu.

Na pwani yetu je? Kama wangeulizwa wazee waliokuwa wakijipanga foleni za Jumapili Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, jina ambalo lingekuja haraka ni Awara, ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Mwanahistoria Laura Fair, aliyekusanya kumbukumbu za watazamaji wa Tanzania kwa kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, anaieleza kama moja ya filamu zilizopendwa mno. Sababu yake haina muujiza: wenye kumbi wengi walikuwa wenye asili ya Kihindi, na mikanda ililetwa kutoka Bombay. Zanzibar ukumbi wa Royal ulipoungua, ukajengwa Majestic mahali pake mwaka 1955, na picha la Kihindi likaendelea kuwa picha la watu wote, wanaojua Kihindi na wasiojua. Vigezo vya ubishi vilikuwa vya hapa: steringi alivyojitokeza, wimbo ulivyoingia, kina mama walilia mara ngapi. Hadithi ya Awara ilitosha kubishaniwa hadi usiku: mtoto wa hakimu aliyeingizwa katika uhalifu na jambazi, je, ni damu inayomfanya mtu au malezi? Na hakimu yule anaigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj.

Awara haimo katika mia bora ya 2022. Lakini mtazame shujaa wake Raju alivyovaa, suruali fupi na kofia ya kizururaji: ni Chaplin yule yule aliyefungana na nafsi yake mwaka 1952. Ladha ya London na ladha ya Ng'ambo ya Unguja hazikuwa mbali kama orodha zinavyoonyesha.

Ya Kiswahili haimo hata moja. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021, ina bahati ya kuzaliwa wakati filamu inahifadhiwa kwa tarakimu na kusafiri kirahisi. Ninaohofia ni ndugu zake wakubwa, zile za mikanda ya VHS zilizojaza maduka na vibanda umiza kabla ya VCD na DVD. Mkanda wa video hupoteza picha taratibu hata ukiwa umelala sandukuni, na joto na unyevu wa pwani huharakisha kazi hiyo. Utaratibu ukiendelea, kura ijayo ni 2032, na haitawezekana kuipigia filamu ambayo haiwezi tena kuingizwa kwenye mashine.

Nikipewa karatasi mwaka huo, wa kwanza kumwandika ni Diouana, kisha Raju, kisha yule mama wa viazi. Kane simwandiki. Kura anazo za kutosha.