Barabara Nambari 12 na Kaunti ya Garfield, Utah: Njia, Ardhi na Mamlaka

Historia ya barabara za vijijini husimuliwa mara nyingi kama historia ya ukombozi: njia ikifika, upweke huisha na soko hufunguka. Kaunti ya Garfield, kusini mwa jimbo la Utah nchini Marekani, inaonesha upungufu wa simulizi hiyo.

Kaunti hiyo iliundwa mwaka 1882. Makao yake makuu ni Panguitch, mji wa walowezi Wamormoni wenye jina la lugha ya Wapaiute, wenyeji wa awali. Makorongo yaliutenga mji mdogo wa Boulder kiasi kwamba hata katika miaka ya 1930 barua zilipelekwa huko kwa nyumbu. Katika muongo huohuo, vijana wa kikosi cha CCC, kilichoundwa na serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt ili kupunguza ukosefu wa ajira, walichonga barabara kati ya Escalante na Boulder. Lami kutoka Boulder hadi Torrey, katika kaunti jirani ya Wayne, ilikamilika mwaka 1985 tu.

Barabara iliondoa upweke, lakini haikuhamisha mamlaka. Takriban asilimia 90 ya ardhi ya Garfield ni mali ya serikali ya shirikisho, nayo kaunti haiwezi kuitoza kodi. Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitangaza hifadhi ya Grand Staircase-Escalante akiwa Arizona, nje ya jimbo lililohusika. Rais Donald Trump aliipunguza mwaka 2017. Rais Joe Biden akairejesha mwaka 2021.

Kwa sababu hiyo, njia zenyewe ziligeuka kuwa hoja ya kisheria. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1866 iliruhusu barabara kupita katika ardhi ya umma. Ilifutwa mwaka 1976, ila haki zilizokwisha kupatikana zilibaki. Kaunti ilizitegemea haki hizo ilipotaka kupanua njia ya Burr Trail, inayoanzia Boulder, na watetezi wa mazingira wakaipinga mahakamani katika miaka ya 1980.

Sensa ya 2020 iliwahesabu wakazi 5,083. Watalii huifuata Barabara Nambari 12 kwa ajili ya mandhari ambayo wakazi hao huishi nayo bila kuiamulia. Kwa mpangaji wa sera, funzo ni kwamba ujenzi wa barabara na haki ya kushiriki katika maamuzi ya ardhi ni mambo mawili, na la kwanza halileti la pili.