Mashine pepe

Mashine pepe ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina prosesa, kumbukumbu (RAM), diski na kadi ya mtandao, lakini vyote vimeazimwa kutoka kompyuta halisi. Kwa njia hiyo mwenye kompyuta mpakato ya Windows anaweza kuendesha Linux ndani ya dirisha bila kufuta kitu. Mfumo wa uendeshaji uliotangulia huitwa mwenyeji, na ule ulio ndani yake huitwa mgeni. Programu inayogawa rasilimali kati yao huitwa haipavaiza.

Njia ya zamani zaidi ya kuwa na mifumo miwili ni kuigawa diski na kuchagua mfumo mmoja kila kompyuta inapowashwa. Kosa dogo wakati wa kugawa laweza kufuta tasnifu, picha na hesabu za duka kwa mara moja, na mwenye kompyuta moja tu huenda asizipate tena. Katika mashine pepe, diski ya mgeni ni faili tu juu ya diski ya mwenyeji. Mgeni akiharibika, faili hilo hufutwa na kazi huanza upya, Windows haiguswi.

Historia

Wazo hili ni la miaka ya 1960. Mwaka 1967 IBM ilianza kutumia CP-40 huko Cambridge, Massachusetts, mfumo ulioruhusu watu kadhaa kushirikiana kompyuta kubwa moja, kila mmoja akiiona kama yake peke yake. Kompyuta za kawaida zilisubiri hadi 1999, VMware Workstation ilipotolewa. Prosesa zake hazikuwa zimebuniwa kwa kazi hiyo, hadi Intel ilipoongeza VT-x mwaka 2005 na AMD kufuata mwaka 2006 kwa AMD-V. VirtualBox, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo kwa kuwa haina malipo, ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani Innotek. Sasa inamilikiwa na Oracle.

Nchini Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizotumika katika Windows na Linux pia. VirtualBox haikuwapo bado. Aliyetaka kujaribu Linux kwa kawaida alitafuta kompyuta ya pili au aliigawa diski yake.

Mahitaji

Kinachokwamisha zaidi ni RAM, kwa sababu mifumo miwili inaigawana kwa wakati mmoja. GB 8 zinatosha kwa kujifunza. Kwenye GB 4 afadhali kuchagua mgeni mwepesi, kama Debian yenye eneo-kazi la Xfce, na kufunga kivinjari cha mwenyeji. VT-x au AMD-V nayo huenda imezimwa katika BIOS. Dalili yake katika VirtualBox ni mashine kukataa kuwaka, au orodha kuonyesha mifumo ya biti 32 pekee.

Vijijini, kama wilayani Ngara na Biharamulo, ambako wengi hutegemea bando la simu, gharama kubwa huwa ni kupakua. Faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 linakaribia GB 6. Debian ina faili dogo lisilofika GB 1, ingawa husakinisha mengine kwa kuyavuta mtandaoni. Ni nafuu mmoja apakue, kisha wengine wanakili kwa flashi. Flashi yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, hata kama ina nafasi tele. Inaweza kupangwa upya kwa exFAT, jambo linalofuta vilivyomo.

Mipaka

Michezo yenye picha nzito huenda polepole. Windows ikiwa mgeni inahitaji leseni yake. Kompyuta za Apple zenye prosesa ya M1 (2020) na zilizofuata zinahitaji wageni waliotengenezwa kwa ARM. Folda inayoshirikiwa na mifumo yote miwili ni mlango: virusi vya mgeni vinaweza kuharibu mafaili yaliyomo.

VirtualBox huweza kuhifadhi hali ya mashine ili mtumiaji airudie baada ya jaribio lililoharibika. Hiyo si nakala rudufu, kwa kuwa hukaa kwenye diski ileile. Umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka, mgeni huzimika ghafla pamoja na mwenyeji, na mafaili yaliyokuwa yakiandikwa katika mifumo yote miwili yanaweza kuharibika.